Kifua Kilipona, Masikio Yakaenda

Wewe uliyeambiwa jana au juzi kwamba una kifua kikuu, na sasa umekaa hujui uwaambie nini watu wa nyumbani, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza ugonjwa unatoka wapi wala unaingiaje. Hayo wameshayasema wenye kuyajua, na mabango yake yamebandikwa ukutani. Nitakueleza yaliyonikuta mimi. Watu wananiambia niandike kwa namna ya kutia moyo. Nawajibu kwamba moyo wa kumtia mtu sinao, huu nilionao hata mwenyewe haunitoshi.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, Temeke. Nilikuwa. Nyumba yetu ina baraza ndefu upande wa barabarani, na asubuhi na jioni watoto walikaa hapo juu ya mikeka, wote wakisoma kwa sauti kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali pake. Mpita njia alisikia kelele tu. Mimi nilisikia watoto. Huyu wa kwenye kona yuko Alhamdu, yule amefika Yasini, yule mwingine amevuta herufi isiyovutwa, na fimbo yangu ilikuwa imeshagonga sakafu kabla hajaimaliza. Macho ya mwalimu wa chuo yanaweza kusinzia na mdomo ukatafuna tambuu, lakini sikio liko kazini. Sikuwa na kazi nyingine, na wala sikuwa na sifa nyingine mtaani.

Kati ya watoto hao alikuwemo binti yangu, Mwanahamisi, mtoto pekee tuliyebakishiwa na Mungu, mimi na mke wangu Mwantumu. Kwetu mtoto huanzia nyuma ya msahafu, kwenye sura fupi fupi, akapanda taratibu mpaka Baqara, iliyo ndefu kuliko zote. Akiimaliza amehitimu. Hapo wanaalikwa wazee na majirani, naye anakaa mbele ya mwalimu wake na kusoma kwa moyo aya za mwisho, mwalimu akimsikiliza mbele za watu. Nilipougua Mwanahamisi alikuwa amevuka nusu ya safari. Nilimwomba Mungu jambo moja tangu mwanzo, na nililisema kwa maneno haya haya: niishi, nimsikie akihitimu.

Kikohozi kilinianza na masika, mwaka ule wa unga wa njano ambao watu waliuita yanga. Kila mtu alikuwa amekonda, kwa hiyo kukonda kwangu hakukumshtua mtu. Mwantumu alinipikia uji wa pilipili manga, akanisugua mafuta ya karafuu. Mvua zikaisha, kikohozi kikabaki. Kanzu zikawa zinaning'inia. Jasho la alfajiri lilikuwa linalowesha mto mpaka Mwantumu akawa anauanika juani kila siku, na majirani wakiuona. Siku moja namsomesha mtoto, nikakohoa kwenye leso, nikaona damu. Niliikunja leso nikaendelea kumsikiliza, ila mpaka leo sikumbuki alikuwa anasoma nini.

Nje ya kliniki ya kifua palikuwa na benchi refu chini ya bati. Matibabu yalikuwa bure, na benchi halikuwa na nafasi hata ya paka. Tulikuwa tukisogea ubavu kwa ubavu kuelekea mlangoni, kila mtu na kikopo chake cha kutemea mate chenye kifuniko, kakipakata kama mtu anayepeleka zawadi. Niliwaona wapagazi wa bandarini, watu waliokuwa wakibeba gunia begani huku wakiimba, wamebaki mifupa ya mabega. Hakuna aliyempa mwenzake mkono. Nilikaa pale siku kadhaa mfululizo, na kila nikirudi nyumbani nilimkuta Mwantumu ametenga kikombe changu mbali na vingine. Alikuwa anafanya kama alivyoelekezwa, lakini kile kikombe peke yake juu ya kabati kiliniuma kuliko kifua.

Daktari wa kifua alikuwa kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, mpole, mwenye haraka. Aliinua picha ya kifua changu kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha shimo lilipo. Halafu akaniambia kwamba yeye na wenzake wanafanya utafiti. Wanataka kujua ni dawa ipi inayomaliza kifua kikuu upesi zaidi. Wagonjwa wengine watapata sindano kama ilivyozoeleka, wengine watapata vidonge vipya vilivyotoka nje, bila sindano. Yeye hachagui, inapigwa kura. Nikakubali. Kura yangu ikawa sindano, nikalazwa.

Kitanda cha pili yangu wodini alilala Kasiani, mchonga vinyago wa Manzese, Mmakonde wa Newala. Yeye kura ilimpa vidonge.

"Maalim, Mungu wako na Mungu wangu wamegawana," akaniambia siku hiyo. "Mie nimeze, weye uchomwe."

"Wangu ananipenda zaidi," nikamjibu. "Ananishughulikia kwa mkono."

Tulicheka mpaka tukakohoa, muuguzi akaja kutugombeza. Nakitaja kicheko hicho kwa kuwa hata leo nikikitafuta kingine kama hicho sikipati.

Sindano ilikuwa kila siku ya Mungu. Matako yalifanya vinundu, nikawa siwezi kukaa, mimi mtu ambaye kazi yake ni kukaa. Lakini homa iliondoka. Damu ikakatika. Nikaanza kuumalizia ugali wangu, kisha nikawa naunyemelea wa Kasiani. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, kwa hiyo Mwantumu alimleta Mwanahamisi hadi nyuma ya jengo, chini ya dirisha langu. Alisimama pale kwenye majani na kunisomea alipofikia. Mimi nililala kifudifudi kwa sababu ya vinundu, nimegeuzia sikio dirishani, nikimrekebisha kwa sauti. "Rudia. Hiyo usiivute." Naye anarudia. Wagonjwa wote walinyamaza wakimsikiliza, hata Kasiani ambaye hakuelewa neno. Ukiniuliza furaha ya maisha yangu ni ipi, nitakutajia dirisha lile.

Sasa nifike penyewe.

Siku moja, sindano zikiwa zimeshakuwa mazoea, sikio langu lilianza kulia. Mlio mwembamba, usiokoma. Kwetu pwani mtoto anafundishwa mapema kwamba sikio likilia anatajwa mahali, na la kufanya ni kumswalia Mtume. Nikamswalia. Likaendelea, nikaendelea. Kesho yake yakawa yanalia yote mawili, nami nikawa mdomo haufungi. Nilijiona mtu mwenye bahati. Nilikuwa nimelala kitandani, siwezi kufunga Ramadhani, siwezi kusimama msikitini, lakini masikio yangu yenyewe yananikumbusha mchana kutwa. Niliyapokea kama rehema.

Mama yangu alikuja kutoka Kigamboni, amevuka kwa pantoni na kikapu cha mihogo. Nikamweleza.

"Linalia lipi?" akaniuliza. "La kulia unatajwa kwa heri. La kushoto, mwanangu, unasengenywa."

"Yote, mama."

"Yote?" Akashika kidevu. "Basi mtaa mzima wanakukalia kitako. Wanasema una kifua. Wanasema chuo chako kina maradhi."

Mwantumu alikuwa amesimama hapo hapo. Jioni ile alikwenda bombani, akamkuta Bi Tausi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye tuliazimana naye chumvi na kibiriti miaka nenda rudi.

"Bi Tausi, mume wangu kakukosea nini hata umkalishe mdomoni?"

"Mie? Maalim nimsemee nini mie?"

"Masikio yake hayalali kwa ajili yenu!"

Wakatoleana maneno ambayo sitayaandika, ndoo zikamwagika, mjumbe wa nyumba kumi akaitwa kuwaamulia. Bi Tausi aliapa kwa msahafu kwamba hajanisema, na hakuna aliyemwamini. Hawajaongea mpaka leo. Masikini, alikuwa anasema kweli.

Daktari naye alipita kila wiki na karatasi zake. Alikuwa mtu wa adabu, aliniamkia kwanza.

"Shikamoo Maalim. Habari za leo?"

"Marahaba. Njema, alhamdulillahi."

"Kifua?"

"Kinaendelea vizuri."

"Kuna shida yoyote?"

"Hakuna shida, daktari."

Wewe ungejibu nini? Mtu amekuamkia, umrushie malalamiko usoni? Na zaidi ya hapo, mlio ule mimi sikuuhesabu kuwa shida. Kifua ni chake, nilimpa habari za kifua. Masikio yalikuwa baina yangu na Mola wangu. Kwa hiyo aliandika, akashukuru, akaenda kitanda cha pili, na muuguzi akaja na sindano.

Mwanahamisi alipokuja tena dirishani nilimwambia apaze sauti. Safari iliyofuata nikamgombeza kwamba ananong'ona. Kasiani alikuwa akinitazama.

"Maalim, huyo mtoto anapiga kelele mpaka wodi ya pili wanasikia," akasema. Nilimwona midomo ikicheza, ikabidi arudie.

"Na weye nimekuita mara tatu sasa," akaongeza.

"Nilikuwa namswalia Mtume," nikamjibu.

Niliruhusiwa kutoka vuli ilipoanza, sindano ikawa ya kufuata kliniki, mara mbili kwa wiki. Kasiani tulitoka naye siku hiyo hiyo, kanenepa, anapiga mluzi. Mimi miguu haikuwa yangu. Ardhi ilikuwa inanikimbia. Nikigeuza shingo ghafla, ukuta unageuka nao. Niliona ni udhaifu wa kulala sana. Lakini wewe fikiria mwalimu wa chuo, na kanzu yake na kofia yake, anarudi msikitini kabla giza halijaingia, anapepesuka, anashika ukuta wa huyu na mti wa yule. Wiki haikupita, mjumbe wa nyumba kumi akaja barazani. Alikaa, akazungukazunguka kwenye habari za mgawo wa sukari, halafu akamnong'oneza Mwantumu. Mwantumu alikuja ndani analia kwa hasira.

"Wanauliza umeanza lini kunywa."

Aliniambia akiwa amenisogelea usoni, ndiyo maana nikaipata. Wazazi wawili waliwaondoa watoto wao chuoni. Bi Tausi, nadhani, alipumua.

Watoto waliobaki walirudi kwenye mikeka, nami nikakaa mahali pangu na fimbo yangu. Sauti zao zilinijia kama zinatoka ndani ya mtungi. Kila siku mtungi ulikuwa unazidi kina. Nilijiambia ni mafua, ni maji yameingia wakati wa kuoga, ni kikohozi kimepanda kichwani. Niliandika kombe mwenyewe, aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani, nikaosha kwa maji ya waridi nikanywa. Mara ngapi nimewaandikia watu makombe nao wakaja kunishukuru! La kwangu lilitelemka tumboni na halikufika popote.

Watoto wanajua kabla ya watu wazima. Asubuhi moja niliwaona wanatikisika mabega. Nikawatazama, midomo inakwenda, macho yako kwenye juzuu, kila kitu kinaonekana sawa. Nikatikisa kichwa kwamba vizuri, endeleeni. Wakaanguka kwenye mkeka kwa kucheka. Mara Mwantumu akatoka ndani na mwiko mkononi, unga umemjaa mpaka kiwiko, akamshika mmoja sikio. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba walikuwa wameshaacha Kurani zamani. Walikuwa wanaimba wimbo wa mpira, kwa sauti kubwa, mbele ya mwalimu wao, naye anatikisa kichwa.

Mwantumu aliwarudisha makwao. Halafu alichukua ubao wa mtoto mmoja, akaufuta, akachovya kalamu kwenye wino wa masizi. Yeye hakwenda shule, lakini kama wanawake wengi wa pwani anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aliandika neno moja, akanigeuzia.

"Husikii?"

Nililisoma mara nyingi. Watu hawaniamini nikisema kwamba hapo ndipo nilipojua. Kiziwi hajui kwamba kuna sauti, anadhani dunia imepoa. Nilimwambia, "Nasikia," naye akaziba masikio yake kwa mikono miwili, maana kumbe nilikuwa napiga kelele. Nililia siku ile mbele ya mke wangu, kilio nisichokisikia mwenyewe.

Daktari wa masikio ana benchi lake, katika jengo lile lile la daktari wa kifua. Milango yao inatazamana. Huku hakuna vikopo vya mate, kuna watoto wenye pamba masikioni. Aliniwekea kwenye paji la uso kile chuma chao cha pembe mbili, kinacholia kikigongwa, akakihamishia nyuma ya sikio, akaninyooshea kidole niseme nikisikia. Nilihisi mtetemo kwenye mfupa. Alipomaliza alizungumza na Mwantumu kwa muda mrefu. Nilikuwa nautazama uso wa mke wangu kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Tulipofika nyumbani aliniandikia ubaoni, kwa vipande, akifuta na kuandika.

"Amesema mshipa wa kusikia umekufa."

"Amesema ni zile sindano. Zinawafanya hivyo baadhi ya watu."

Akasita na kalamu, kisha akaandika: "Amesema ungewaambia masikio yanalia, wangezisimamisha."

Sina la kuongeza hapo. Kama unachomwa sindano na masikio yako yanalia, rudia kusoma mstari huo.

Sindano zilikuwa zimeshaisha, nami nilikaa ndani kipindi chote cha kiangazi. Nilitamani kifua kingenimaliza kabla, na nilimwambia Mwantumu hivyo. Alikwenda uani. Alichofanya kesho yake ni kunirudisha barazani, akakaa nyuma yangu, ndani ya mlango, na kuwaita watoto. Miaka yote ile nikisomesha yeye alikuwa akipika upande wa pili wa ukuta, na Kurani yote ilikuwa imempitia masikioni. Mimi nilibaki kuwaandikia mbao. Mtoto akikosea, Mwantumu anagonga mlango. Watu walisema chuo kimefufuka. Mimi nilikuwa mbele, kwenye kiti changu, nimewekwa kama saa mbovu ambayo hakuna mwenye moyo wa kuiondoa ukutani. Nilimwonea wivu Kasiani. Alikuja kuniona, kifua kizima, masikio mazima, na yeye kazi yake ni patasi na nyundo! Ningekuwa na uwezo ningebadilishana naye kura palepale. Nadhani alilijua hilo, kwa sababu hakukaa sana.

Daktari wa kifua alinipiga picha ya mwisho, akainyanyua dirishani. Shimo hakuna. Alinishika mkono kwa furaha kweli kweli, akasema maneno mengi, nami nikatikisa kichwa. Nilidhani wameshaambiana na yule wa mlango wa pili. Nilidhani anajua na anaona haya kulitaja.

Halafu tukaalikwa mjini. Madaktari walikuwa na mkutano wao mkubwa, wa kuelezana yale waliyoyagundua katika tafiti zao. Daktari wa kifua alitaka wale waliopona waonekane. Nilivaa kanzu ya Idi. Tulikaa mstari wa mbele, mimi, Mwantumu, na wagonjwa wengine wachache. Taa zilizimwa, picha zikaonyeshwa kwenye shuka jeupe. Kila daktari alisimama na sehemu yake ya mwili. Mmoja alileta macho, macho yenye ukungu na macho yaliyosafishwa. Mmoja alileta miguu ya watoto. Mmoja alileta kitu cha tumboni ambacho sikukitambua na sikutamani kukitambua. Watu walikuwa wakiandika, wakipiga makofi, wakibadilishana karatasi. Nilijua hapa pana elimu kubwa, na inaletwa kwa ajili ya watu wetu na vijana wetu wenyewe, na sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Nisiwe mnafiki, ilifurahi.

Kisha kikaja kifua changu. Nilikijua kile kishimo. Kikaondolewa, kikaja kifua changu cha pili, cheupe, kisichokuwa na kitu. Daktari wetu akaninyooshea mkono. Mwantumu akanigusa, nikasimama, nikageuka. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi kimya. Na mstari wa tatu alikaa yule daktari wa masikio, aliyeniwekea chuma kwenye paji la uso. Naye alikuwa anapiga makofi. Hakunikumbuka. Nami kwake ningekumbukwa kwa masikio, si kwa kifua.

Daktari wetu akaniuliza jambo. Niliona ni swali kwa namna alivyoinua nyusi. Watu wakatulia, wakingoja. Nikasema nilichozoea kumjibu.

"Sijambo, daktari. Alhamdulillahi. Hakuna shida."

Wakapiga makofi tena.

Kilichotokea nje nilikisoma baadaye ubaoni. Mwantumu alimkamata daktari wa kifua kwenye ukumbi wa nje, kati ya wageni wake.

"Mume wangu ni kiziwi," akamwambia.

"Kiziwi? Mbona hakusema?"

"Mlimuuliza kifua!"

Yule kijana, aliandika Mwantumu, alitafuta mahali pa kukaa. Alikuwa amenihesabu miongoni mwa waliopona, na ni kweli nilikuwa nimepona. Siku iliyofuata alikuja Temeke mwenyewe, akaketi barazani kwetu, akanitazama bila kuandika chochote. Nilimwagiza Mwantumu amletee kahawa.

Nimeambiwa kwamba siku hizi, pale wodini, muuguzi akija na sindano huvua kwanza saa yake ya mkononi, akaiweka kwenye sikio la mgonjwa, akamuuliza kama anaisikia. Na humuuliza kwa Kiswahili cha kueleweka: masikio yanalia? Kichwa kinazunguka? Kwa hiyo utaulizwa. Usijibu kwa adabu. Mswalie Mtume, ni wajibu wako, kisha geuka umwambie muuguzi. Na sindano usizikimbie kwa kuniogopa mimi. Waliozikimbia nawajua, na makaburi yao nayajua. Hiyo ndiyo faida niliyonayo ya kukupa, ichukue.

Mimi nilipewa nusu ya dua yangu. Mwanahamisi alihitimu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Baraza ilitandikwa mikeka mipya, ubani ukafukizwa, wazee wa mtaa wakaja. Mama alivuka kutoka Kigamboni. Kasiani alikuja na koti lake la kanisani, akakaa pembeni kwa heshima. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na Mwantumu kati yao. Kila mtu alijua nani amemfikisha mtoto yule Baqara, lakini mbele ya wazee anakaa mwalimu mwanamume, kwa hiyo nilikaa mimi. Nilikuwa nimejipanga. Aya zile nazijua zote kwa moyo. Ningemfuata kwa midomo.

Akaanza. Nilimfuata. Midomo inafumba kwenye herufi ya mim, inachongoka kwenye waw, nami niko naye, neno kwa neno, na kwa muda nilikaribia kuamini kwamba namsikia. Nilihisi hata sauti yake ya dirishani. Kisha akarudia kipande, au alirukia mbele, sijui. Nikampoteza. Midomo ikasimama.

Mtoto akikwama humtazama mwalimu wake. Mwalimu humpa neno moja, njia ikafunguka. Mwanahamisi alinitazama. Wazee wakanitazama. Nilikuwa na aya zote kifuani na sikujua anataka ipi. Nikamtupia neno. Niliona kwenye nyuso zao kwamba silo, na pengine nililitupa kwa kelele. Kasiani aliinamisha kichwa. Nikamtupia lingine. Mdomo wa chini wa mwanangu ulianza kutetemeka.

Halafu macho yake yaliniacha. Yalipita bega langu, yakaenda kwenye pazia, yakangoja hapo kidogo. Midomo ikaanza tena, taratibu, kisha kwa uhakika, na hakunitazama tena. Nilikaa nimemwangalia mpaka wazee walipoinua mikono kuomba dua, nikajua kwamba amemaliza.